Mke wa Mwenyekiti Mstarini

Asubuhi ya mchujo Zuleika alilipiga pasi shati la chama la mumewe kuliko lilivyostahili. Lilikuwa shati la kitambaa duni, yale yanayogawiwa wakati wa kura, la rangi ya udongo na picha ya mzinga wa nyuki mgongoni, na kitambaa cha namna ile ukikizidishia moto kinanata. Zuleika alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kazi yake ni kupiga pasi nguo za askari na walinzi wa benki tangu angali msichana. Lakini siku hiyo hakutaka kazi iishe. Kila akiitua pasi alikumbuka anakokwenda, akaishika tena, akarudia ukosi.

Mumewe, Fabiano Okot, sajini mstaafu wa polisi na mwenyekiti wa tawi la Chama cha Mzinga hapo mtaani kwao Bwaise, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akiufunga mguu wake bandeji.

"Mama Concy," akasema, "hilo shati halijakukosea kitu. Liache lipumue."

"Nataka upendeze mbele za watu, Afande."

"Wewe ndiye wa kupendeza. Wewe unasimama mbele kabisa. Mimi nimepewa kiti na filimbi tu."

Zuleika akainamia pasi kama mtu aliyeona doa. Mumewe, mtu aliyewatazama wezi machoni maisha yake yote, hakuona kitu.

Sasa ngoja nikueleze mambo ya mstari, usije ukapotea. Chama chao hakichagui kwa karatasi. Siku ya kumtafuta mgombea urais wao, wanachama wa kila mtaa wanakusanyika mchana kweupe, picha za wanaotaka kugombea zinashikwa juu, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya picha anayoitaka. Kila mtu anamwona mwenzake. Mwenye nyumba anamwona mpangaji, mkwe anamwona mkwe, na anayekuuzia nyanya anakuona umesimama wapi. Kisha wanahesabiwa. Wenyewe wanasema ni njia safi kwa kuwa hakuna sanduku la kuibwa. Mimi nasema aliyeibuni hakuwa na majirani.

Na kuna desturi. Mwenyekiti mwenyewe hapangi mstari, kwa kuwa ndiye anayehesabu. Anayesimama badala yake ni mkewe, wa kwanza kabisa, nyuma ya picha ambayo mwenyekiti anaipenda, ili watu waone upepo unavumia wapi. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo mahali popote, na hakuna asiyeijua.

Mwaka huo picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Injinia Kalyowa, mtu wa shingo nene na sauti ya kujiamini, aliyesema kwamba habari za mabadiliko ya tabianchi ni hadithi za Wazungu za kutuzuia tusijenge. Mvua ni ileile, alisema, kilichoharibika ni mitaro; mkinichagua nitachimba mitaro mipana kama barabara, na hakuna mtu atakayehamishwa kwenye nyumba yake. Ya pili ya Dokta Moreen, mwanamke mwembamba wa miwani, aliyesema mvua si ileile hata kidogo, mbingu zimechafuka kwa moshi wa mataifa makubwa, na sisi huku tumejazia udongo vinamasi vilivyokuwa vinayapokea maji. Hakuna mtaro utakaotosha, alisema. Watu wa mabondeni walipwe fidia, wahamishiwe mahali pa juu, na kinamasi kirudishiwe maji yake.

Bwaise iko bondeni. Basi unaweza kujua wenyewe walimpokeaje Dokta.

"Nimemsikia kwenye redio," Okot alilalamika siku moja uani, mguu ukiwa juu ya kigoda. "Anasema maji hayajatufuata sisi, ati sisi ndio tuliyafuata maji. Mimi nilinunua kiwanja hiki kwa haki, mbele ya mashahidi. Maji yalileta shahidi gani?"

Rosebella Nakhisa akacheka mpaka akaweka beseni chini. Rosebella ni Mkenya wa Bungoma, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, anauza mitumba, na ingawa hana kura, Uganda nzima hakuna mtu mwenye maoni mengi kama yeye.

"Mzee, kwetu pia mto ulihama ukaingia kwa shamba ya babangu," akasema. "Hakuna mtu aliuliza mto kama iko na title. Huyo mama Daktari anasema ukweli. Hii mvua ya siku hizi imerukwa na akili. Inakuja wakati haijaitwa, na wakati inaitwa haiji."

"Mvua ni ya Mungu."

"Na moshi je? Pia ni ya Mungu?"

"Moshi ni wa Wazungu. Waende wakahamishwe wao."

"Hapo sasa mzee umesema," Rosebella akakubali, na wote wawili wakacheka, kila mmoja akiamini ameshinda. Kisha akamgeukia Zuleika. "Na wewe, mama? Uko upande gani? Kila siku tunabishana hapa na wewe unageuza suruali tu."

"Mimi upande wangu ni huu wenye makunyanzi," Zuleika akajibu, akaendelea na pasi.

Lakini upande alikuwa nao. Alikuwa nao tangu mafuriko ya mwaka uliopita, na si kwa sababu ya moshi wala Wazungu.

Okot ana sukari. Mguu wake wa kushoto una kidonda karibu na kifundo, kidonda kidogo tu ukikitazama, ila kimekataa kupona. Mwaka uliopita mvua ilianza alfajiri, na kabla watu hawajamaliza chai mtaro ulikuwa umefurika na maji meusi yameingia ndani yakiwa na kila uchafu unaoweza kuufikiria na mwingine usiotaka kuufikiria. Majirani walipanda kwenda barabarani. Okot akakataa. Alisema askari haachi lindo. Alivaa mabuti yake ya zamani akasimama mlangoni akiyazuia maji kwa ubao na magunia, na maji yakaingia ndani ya mabuti, na Zuleika akamsihi, akamvuta mkono, akalia, na mwanaume akasimama pale pale hadi mvua ilipokatika. Wiki mbili baadaye alikuwa amelazwa, homa kali, mguu umevimba hadi gotini. Walimwokoa. Siku ya kumruhusu, daktari wa hospitali alimwita Zuleika pembeni akamwambia kwa upole kwamba mguu ule ukiingia tena kwenye maji yale watakuja kuukata, na kwa umri wake na sukari yake, asimfiche, huenda kuukata kusisaidie.

Tangu siku hiyo kila wingu likitanda alitoka uani kwenda kuutazama mtaro.

Utasema, si wahame? Hata mimi ningesema hivyo kama nisingemjua Okot. Wahamie wapi? Kwao kaskazini, ndugu walipokonyana ardhi ya baba yake baada ya watu kutoka kambi za wakimbizi wa vita, na kesi iko mahakamani, na wenye kesi wanakufa mmoja mmoja. Binti yao Concy ameolewa Gulu, lakini Mwacholi mzima aende akaishi kwa mume wa binti yake? Afadhali mafuriko. Kulikuwa na mahali pamoja tu pakavu palipokuwa panawasubiri, na hapo ndipo pabaya kuliko kote. Bombo.

Zuleika ni Mnubi wa Bombo. Baba yake alikuwa mwanajeshi, wa wale wa zamani, na Okot alipokwenda kumposa, polisi kijana, Mkatoliki, Mwacholi, mzee yule alimwacha asimame juani nusu ya mchana. Yaliyopita jeshini kati ya Waacholi na Wanubi, kuuana kwa zamu kila utawala ulipopinduliwa, wengi wanayajua, na kila nyumba ilikuwa na marehemu wake. Mwishowe mzee alikubali kwa sababu binti alikataa kula. Ila mahari ilipokwisha kupokelewa, mbele ya wakwe wote, alisema neno. Alisema, askari huyu hata paa lake ni la serikali. Siku wakimvua gwanda atarudi hapa na mkeke wake kuniomba pa kulala.

Watu walicheka. Okot hakucheka. Kwa watu wake mwanaume anayekwenda kuishi ukweni hana tofauti na mtoto aliyeokotwa. Anakula akiwa ameinama na hata mbwa wa pale wanamzidi cheo. Kwa hiyo kila shilingi aliyoipata kwenye utumishi aliiweka kwenye kiwanja, na kiwanja alichoweza kukifikia kilikuwa cha Bwaise, na nyumba aliijenga chumba baada ya chumba, mpaka siku waliyotolewa kambi ya polisi akawa na mlango wake wa kufungua. Baba mkwe alikwisha kufa. Abdul-Karim, kaka yake mdogo Zuleika, mtu mpole asiye na makuu, amekuwa akipiga simu kila Idi kusema kile kiwanja cha dada yake kiko palepale mlimani, hakuna aliyekigusa. Okot husema, msalimie sana, na hapo mazungumzo huisha.

Nisije nikamchora kama kichwa ngumu tu nikamaliza. Ndiye huyu ambaye kila Ramadhani, yeye na rozari yake, huamka kumwamsha mkewe ale daku, kwa sababu Zuleika usingizi wake ni mzito na Okot ameshazoea zamu. Humpashia chakula mwenyewe, humkalia pembeni akisinzia mpaka amalize. Hajawahi kukosa. Zuleika naye hajawahi kumwacha aende misa na shati lenye mkunjo. Lugha ya nyumba yao ni Kiswahili cha kambini, hiki tunachokisema sote bila kujali ngeli zimeangukia wapi, kwa sababu yeye hakujua Kiacholi na mumewe hakujua Kinubi, na Kiswahili ndicho walichokutana nacho njiani. Walimlea Concy nacho. Waligombana nacho na wakasameheana nacho.

Ndiyo maana Zuleika alimpenda Dokta Moreen kwa siri, na hesabu yake ilikuwa ya mke, si ya mwanasiasa. Okot hatahama kwa hiari. Okot hatakwenda Bombo. Lakini serikali ikija na karatasi yake na kusema Sajini Okot, wewe na wenzako wote, panda juu, hiyo ni amri, na Okot ametii amri maisha yake yote. Kuhamishwa na serikali si aibu. Kinachohitajika ni serikali ya mtu atakayewahamisha. Akaamua atakwenda kimyakimya kusimama mwisho wa mstari wa Dokta, nyuma ya watu, mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Alijidanganya, bambi, maskini. Mke wa mwenyekiti haendi mahali kimyakimya.

Walikusanyika kwenye uwanja wa shule, matope yakiwa bado hayajakauka. Okot aliketi kwenye kiti chake katikati, mguu umenyooshwa, filimbi shingoni. Picha ya Injinia ilishikwa na Kidega, kijana wa bodaboda mwenye mdomo mwingi. Picha ya Dokta ilishikwa na mwalimu mmoja aliyeonekana kujuta. Nyuma ya mwalimu kulikuwa na watu wachache waliojipanga wakitazama chini. Wengine wote, umati mzima, walikuwa wanazungukazunguka upande wa Kidega wakingoja wa kwanza asimame.

"Mama, karibu, nafasi yako hii hapa," Kidega akaita, akaisafisha kwa mguu sehemu ya matope.

Zuleika alivuta mtandio wake vizuri. Alitembea. Alipofika usawa wa Kidega miguu ilitaka kusimama yenyewe kwa mazoea, naye akailazimisha. Akapita. Akaenda mpaka mwisho wa mstari mfupi wa Dokta Moreen, akasimama nyuma ya mzee mmoja mwenye koti, akayaangalia matope.

Vichwa vyote vikamgeukia.

Na hapa ndipo watu wa Bwaise walipofanya kosa ambalo sidhani lingefanywa na watu wengine duniani. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Zuleika anayo maoni yake. Walitazamana. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akamnong'oneza jirani, na neno likapita kama moto kwenye nyasi: mwenyekiti kapata simu kutoka juu. Wakubwa wamegeuka. Mzee hawezi kutamka kwa mdomo, kwa hiyo amemtuma mke. Mkubwa yeyote mwenye akili ndivyo anavyofanya. Sasa, nani anataka kubaki kwenye mstari wa mtu ambaye wakubwa wamemwacha?

Alianza mwenye duka la dawa. Akatembea kama anayekwenda kujisaidia, akaishia nyuma ya Zuleika. Kisha wanawake wa sokoni. Kisha wapangaji, wakiwafuata wenye nyumba. Watu waliokuwa wanamtukana Dokta mpaka jana yake wakawa wanasukumana kupata nafasi nyuma ya miwani yake. Mstari ukazunguka goli la mpira. Kidega alibaki ameinua picha yake juu na wazee watatu wasiosikia vizuri.

"Mzee," akaita kwa sauti ya kuomba, "na mimi nihame?"

Okot alikuwa anamtazama mkewe. Zuleika aliyahisi macho yale upande wa shavu lake na hakuthubutu kuinua uso. Alitaka kufa. Alikuwa ametaka kuwa mtu mmoja mwishoni mwa mstari, na sasa mtaa mzima umejipanga nyuma yake.

Ilikuwa kazi ya neno moja. Okot angesema, mimi sikutuma mtu, rudini, na wote wangerudi wakicheka. Lakini neno hilo lingekuwa na mkia: kwamba mke wa mwenyekiti amempinga mumewe hadharani. Mtaani kwao mwanamke wa namna hiyo huimbwa kwa kejeli. Wangemwimba kisimani, sokoni, hata watoto wangemwimba. Okot alilijua hilo. Aliishika filimbi, akaigeuzageuza.

"Kila mtu abaki aliposimama," akasema. Akapuliza.

Akainuka, akachukua fimbo yake, akahesabu kwa kugusa bega la kila mmoja kama sheria yao inavyotaka. Alipofika kwa Zuleika mkono wake haukuruka wala haukukaza. Alimgusa begani, akataja hesabu yake kwa sauti, akaenda kwa anayefuata.

Mchana wa siku hiyo hiyo walikuja watu wa ofisi ya chama ya jimbo. Kiongozi wao alikuwa Bonny, kijana wa koti na simu mbili, ambaye Okot mwenyewe alimwingiza chamani. Hakuvua viatu. Zuleika alikuwa chumba cha ndani, pasi imepoa mkononi, mlango wa pazia tu.

"Mzee, umetuuza," Bonny akasema. "Jimbo zima, ni tawi lako tu limekwenda kwa yule mwanamke. Wanasema mama ndiye aliyeanza. Sasa tunauliza vizuri, kwa heshima: mama alifanya kwa kichwa chake, au ulimtuma?"

Zuleika akaiweka pasi. Akashika pazia. Alikuwa tayari kutoka na kusema ni mimi, mume wangu hajui lolote, na alikuwa amekwisha kufungua kinywa, Okot akasema kwanza.

"Mke wangu anasimama ninapomwambia asimame. Mimi nilimtuma."

"Mzee, ukisema hivyo unajua maana yake."

"Naijua. Andika."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza Zuleika kumsikia mumewe akiusema. Alisimama nyuma ya pazia machozi yakimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Nje Bonny aliendelea kusema maneno ambayo kijana hamwambii mzee, msaliti, mla huku na huku, na Okot akayapokea yote ameketi wima. Wakamvua uenyekiti hapo hapo. Filimbi wakaondoka nayo.

Basi mambo yakamwagika. Mtaa uliposikia kwamba hakukuwa na simu yoyote kutoka juu, ulimgeuzia hasira Okot. Mzee katuchezea. Mzee kachanganyikiwa na sukari. Vijana wa bodaboda wakimwona wanapuliza midomo kama filimbi, na Kidega ndiye anayepuliza kwa nguvu zaidi. Okot alipita katikati yao na fimbo yake kwenda misa na kurudi. Nyumbani hakumkemea mkewe hata neno. Hilo ndilo lililomuuma Zuleika kuliko yote. Alikuwa mpole tu, asante kwa chai, asante kwa shati, upole wa mtu mgeni.

Siku matokeo ya nchi nzima yalipotangazwa, redio ya Rosebella ndiyo iliyowaletea kupitia ukutani. Injinia Kalyowa ameshinda kwa mbali. Ndiye atakayepeperusha bendera ya Mzinga. Mitaro itachimbwa na hakuna mtu atakayehamishwa. Rosebella akachungulia uani, akafungua mdomo aseme la kusema, akamwona Zuleika uso ulivyo, akarudi ndani taratibu bila neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu avuke mpaka.

Zuleika alikuwa ameegemea meza ya pasi kwa mikono miwili. Juu ya mtaa jirani wa Kawempe wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Akalia, safari hii kwa sauti.

Okot akauburuta mguu wake mpaka pale. "Kumbe ulimpenda hivyo huyo Daktari wako?"

"Simjui hata kwao," Zuleika akasema. "Sijui moshi wala mataifa. Nilitaka serikali ije ikutoe hapa, kwa sababu mimi nimeshindwa. Daktari wa hospitali aliniambia maji yale yakikugusa tena nitakuzika. Nimekaa na neno hilo mwaka mzima, Afande. Kila mvua naogopa. Nikilala naogopa, nikiswali naogopa. Nimekupotezea uenyekiti wako, nimekufanya uzomewe na watoto, na bado maji yanakuja. Nisamehe."

Okot alitazama nyumba, chumba hadi chumba, kama mtu anayeikagua kabla ya kukabidhi zamu. Mstari wa maji ya mwaka uliopita ulikuwa bado ukutani, juu ya kiuno.

"Kwa nini hukuniambia aliyoyasema daktari?"

"Ungesema askari haachi lindo."

"Ningesema," akakubali. Akavuta kigoda akakaa. "Siku ile uwanjani niliona mabega yako yanatetemeka. Nikajiuliza, huyu mwanamke ananiogopa mimi hivi? Nikakasirika. Leo ndiyo najua ulikuwa unaniogopea." Akamshika mkono, ule wenye alama za moto wa pasi. "Mpigie Abdul-Karim. Mwambie afyeke kile kiwanja."

Zuleika akafikiri hakusikia vizuri. "Kiwanja cha Bombo?"

"Kuna kingine?"

"Afande, Bombo watakucheka. Wazee waliokuwepo siku ile bado wapo. Watasema baba alitabiri. Watakucheka mpaka uingie kaburini."

"Wacheke," Okot akasema. "Mtaa huu umenicheka wiki nzima kwa ajili yako, na kila asubuhi niliamka nikakuta bado nina mke. Piga simu, Mama Concy, mvua inakuja."